Sakafu Iliyosimama Wima

Anena hakuwa na haja na kuku. Jambo hilo lieleweke mapema, maana kuku watajaa tele katika hadithi hii, na msomaji anaweza kudhani mama huyu alizaliwa na mapenzi ya mabawa. Alichokitaka Anena ni maji. Alitaka ile chemchemi iliyokuwa chini ya mteremko pale Namuwongo, mtaa wa Kampala, hatua chache kutoka reli, ijengewe ukuta wa saruji na kutiwa bomba, ili mvua ikinyesha uchafu wa mtaa mzima usishuke kuchanganyika na maji ya kunywa. Mvua za mwezi wa tatu uliopita uchafu ulishuka, na binti yake Akidi, mwenye miaka sita, alilala wiki tatu kwa homa ya matumbo mpaka shingo yake ikawa nyembamba kama mpini wa mwiko. Akidi alipona. Aliyebaki mgonjwa ni mama yake, kwa hofu. Kila wingu lilipokusanyika upande wa ziwa, alimwekea Akidi mkono kwenye paji la uso.

Basi mwaka 1974 ulipokuwa ukingoni, alikusanya wanawake wa mtaa wakaunda kikundi na kukiita Chemchemi Safi. Uenyekiti akapewa yeye, kwa sababu ya sauti. Mumewe Okullo alipiga tarumbeta katika bendi ya polisi, na mtu anayeishi nyumba moja na tarumbeta hujifunza kusikika. Ukatibu akapewa Kahambu, muuza maharage aliyevuka mpaka kutoka upande wa Beni, huko Zaire, akiwa na watoto wanne na ujanja wa watu kumi. Mambo ya jikoni yakaachwa mikononi mwa Adong, mama mzee kuliko wote, aliyekuwa amepikia harusi na misiba katika nusu ya kambi za polisi za Kampala na hakupenda kufundishwa kazi.

Mlango wa kwanza waliobisha ulikuwa wa Kapteni aliyesimamia usafi wa barabara. Jina lake kila mtu alilijua na hakuna aliyelitaja. Nyuma ya mgongo wake, tena kwa sauti ndogo, watu walimwita Chokaa. Mwaka uliokuwa unakuja wakuu wa Afrika nzima wangefika Kampala mkutanoni, na Kapteni alikuwa ameapa kwamba kila kitakachoonekana kutoka dirisha la gari kitakuwa cheupe. Mawe yalipakwa, miti ilipakwa, kingo za mitaro zilipakwa, na inasemekana mbuzi mmoja aliyezubaa kando ya barabara alipakwa mpaka magotini. Anena alieleza habari za chemchemi kwa utaratibu wote, na Kapteni akamuuliza swali moja tu, kama hiyo chemchemi inaonekana kutoka barabarani. Anena akajibu kwamba maji hayaonekani, afande, maji hunywewa. Alirudi nyumbani na mapipa mawili ya chokaa na amri ya kupaka kitu chochote.

Mlango wa pili ulikuwa Bukoto, ghorofa ya pili, kwa Bwana Jean-Pierre. Huyu alikuwa Mbelgiji mrefu, mwenye haya, aliyefundisha Bukavu miaka kumi kabla ya kutumwa Kampala na kamati moja ya watu wema wa Ulaya iliyoitwa Mkono kwa Mkono. Aliwakaribisha chai isiyo na sukari, maana sukari hata yeye hakuwa nayo. Aliwasikiliza, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, halafu akasema, “Mama, maji ilikuwa mwaka ilipita. Mwaka hii iko kuku.”

Alikuwa amekaa kama mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake kanisani. Haikuwa shauri lake, alieleza. Kila mwaka wakati wa baridi kamati ilikutana huko kwao na kuamua maskini wa Afrika wamepungukiwa nini. Mwaka juzi walipungukiwa cherehani. Mwaka jana maji. Safari hii mama mmoja wa kamati alikuwa amesoma makala juu ya mayai. Anena, ambaye hasira zake zilikuwa na kifua kipana, aliuliza kama hao wakubwa walidhani Namuwongo iliacha kuona kiu siku ya mwaka mpya. Jean-Pierre aliangalia viatu vyake na kukubali kwamba swali ni zuri.

Kahambu alikuwa kimya muda wote huo, na Kahambu akinyamaza kuna jambo. Alikuwa akisoma fomu iliyolala mezani, kichwa chini miguu juu. Fomu ilisema kwamba kikundi kitapewa mifuko sita ya saruji kwa sakafu ya banda la kuku, kisha vipande viwili vya bomba la chuma vya kuwanyweshea. Akampiga Anena teke chini ya meza, na wakiwa njiani kurudi akamfungulia hesabu yake.

“Dada, kuku iko na lazima ya sakafu?”

“Hapana. Kuku nalala popote.”

“Na chemchemi?”

Anena alisimama katikati ya njia, akacheka mpaka mpanda baiskeli mmoja akamzunguka kwa kumwogopa.

Walijaza fomu. Utaratibu wa kamati, hata hivyo, ulikuwa na meno. Saruji ingekuja kwanza. Bomba lingekuja baadaye, baada ya Jean-Pierre kukagua kwa macho yake na kuona banda limesimama na ndani yake kuku wasiopungua hamsini, mchango wa wananchi wenyewe, kwa kuwa kamati haikusaidia watu waliokunja mikono.

Saruji ikaja mwezi wa kwanza. Mumbere, kaka yake Kahambu, aliyekuwa fundi mwashi, aliimwaga yote kwenye chemchemi. Akajenga ukuta mnene wa kuvutia, akaacha tundu la bomba na kuliziba kwa kipande cha mgomba. Kisha akawaambia ukweli mchungu. Maji yalikuwa yakijikusanya nyuma ya ukuta na kusukuma. Bomba likitiwa kabla ya mvua za mwezi wa tatu, ukuta utakaa miaka. Lisipotiwa, mvua kubwa ya kwanza itauangusha wote, na saruji nyingine haipatikani jiji zima hata kwa machozi.

Kwa hiyo bomba lilikuwa kufa na kupona, na njia ya kulipata ilikuwa kuku. Wanawake wakajenga banda la fito na udongo katikati ya mteremko. Sakafuni wakamwaga maranda ya seremala mpaka kifundo cha mguu, ili mtu asije akauliza chini yake kuna nini. Kuta wakazipaka chokaa ya Kapteni, mapipa yote mawili, na banda likawaka jua la mchana mpaka ukilitazama unafumba jicho moja. Lilikosa kitu kimoja tu: hapakuwa na kuku hata mmoja.

Barua ya Jean-Pierre ilipofika ikisema atakuja Alhamisi saa nne, Jumatano jioni mtaa mzima ulisakwa kuku. Kila nyumba ilikopesha kuku wake, na ili kuepusha ugomvi wakati wa kuwarudisha, Kahambu alimfunga kila mmoja uzi mguuni kwa rangi ya mwenyewe. Bluu ya fulani, kijani ya fulani, kipande cha kitenge cha njano cha fulani. Wakafika hamsini na wawili. Wa hamsini na tatu aliletwa na Nasike, mke mdogo wa Kapteni, aliyekaa nyumba ya serikali pale juu na aliyeteka maji kwenye chemchemi hiyo hiyo kama mwanadamu mwingine yeyote. Alikuja peke yake, kitu kikirukaruka ndani ya leso yake.

Alikuwa jogoo mweupe, mkubwa, mwenye mwendo wa kukagua gwaride. Kapteni alimpenda kupita kiasi. Alimwita Brigedia na kumpigia saluti kila asubuhi, na alikuwa akisema huyo ndiye mkubwa wake pekee asiyemnyima usingizi. Nasike alimfunga uzi mwekundu aliouchomoa kwenye sweta kuukuu ya mumewe, akaomba kwa mikono miwili Brigedia arudi nyumbani kabla ya saa nane, bwana mkubwa anaporudi kula. Anena aliapa kwa roho ya mama yake.

Sasa ilitokea kwamba Jumatano hiyo Adong hakuwapo. Alikuwa Kawempe akitafuta chumvi, bidhaa iliyokuwa imeanza kujificha kama mhalifu. Aliporudi aliambiwa neno moja tu, kwamba kesho kuna mgeni mkubwa na apike. Adong akaitikia, akaenda kulala. Alfajiri akaamka, akanoa kisu, akaenda kuchungulia bandani apate kuku wa mgeni.

Na hapa lazima tumtendee haki. Huko alikozaliwa Adong, kama ilivyo kwa watu wengi, kuku wa mgeni hukamatwa mapema na kufungwa kamba mguuni asitoroke. Kuku mwenye kamba mguuni amekwisha hukumiwa. Mpishi haulizi zaidi. Adong alifungua mlango akakuta kuku hamsini na watatu, wote wamefungwa. Alishika kiuno. Akajisemea kwamba huyo mgeni lazima anakuja na jeshi lake, akawaita wake wawili wa wanawe, akakunja mikono ya gauni na kuanza na yule mkubwa kabisa, mweupe, mwenye uzi mwekundu.

Saa nne kasoro, Anena alikuwa juu barabarani akimpokea Jean-Pierre. Walipokuwa wakishuka mteremko, upepo ulimletea harufu tamu mno ya mchuzi. Alijua Adong angechinja kuku mmoja. Hii haikuwa harufu ya kuku mmoja. Alimkabidhi mgeni kwa Kahambu na kukimbilia jikoni, akakuta masufuria matatu yanatokota na lundo la manyoya la kumfika kiunoni.

“Mama, umechinja ngapi?”

“Kumi na moja,” alisema Adong, akifuta jasho. “Mkono imechoka. Lakini ingine nitamaliza mchana.”

Juu ya lundo yalilala manyoya meupe, marefu, ya kijeshi. Anena aliketi chini. Kisha, kwa aibu yake mwenyewe, kicheko kikaanza kumpanda kutoka miguuni. Hakikuwa kicheko cha furaha. Ni kile kinachomshika mtu msibani. Aliuma ncha ya kitenge chake mpaka kikapita, kwani watu walikuwa wamepotea mjini kwa makosa madogo kuliko Brigedia, na Okullo mwenyewe, ambaye wenzake wengi walikuwa wamekwisha ondolewa, alikuwa bado kazini kwa sababu tu gwaride haliendi bila tarumbeta. Nasike, aliyekuja kutazama ukaguzi, alifika mlangoni, akaona manyoya na kuwa rangi ya majivu.

Kule bandani mambo hayakuwa nafuu. Kuku wa nyumba ishirini hawakufahamiana wala hawakutaka kufahamiana. Majogoo walikuwa wamegawana banda katika wilaya na kupigana mipakani. Jean-Pierre alisimama mlangoni na maranda nyweleni, akijaribu kuhesabu vitu visivyokubali kusimama, na kila alipofika ishirini na kitu mmoja alimrukia kichwani. Kahambu alimwambia kwa upole kwamba hapa mgeni hahesabu kabla ya kula, ni matusi. Jean-Pierre, aliyechelea matusi kuliko kipindupindu, akatoka.

Ndipo gari la jeshi liliposimama juu barabarani. Kapteni alikuwa akipita, akaona kando ya mteremko kitu cheupe kikimeta kuliko vyote alivyowahi kupaka, na kando ya barabara gari la Mzungu. Akashuka na fimbo kwapani.

“Hii nyumba ni ya nani?” aliuliza.

Kapteni alilizunguka banda mara mbili, akagusa ukuta, akaangalia kidole chake cheupe, na uso wake ukafunguka. Akamgeukia Jean-Pierre na kumpa mkono.

“Mimi nilitoa. Hii ni kazi yangu. Karibu katika mradi yangu.”

Jean-Pierre alisema kwa adabu kwamba alidhani mradi ni wa kamati yake. Kapteni akasema vizuri sana, kamati inaweza kusaidia. Wakaketishwa bega kwa bega kwenye benchi moja, na Adong, asiyejua lolote wala kuogopa yeyote siku ya kupika, akaleta chakula.

Firigisi hupewa mwanamume mheshimiwa, na mahali pengine wangegombania. Leo zilikuwapo kumi na moja, hivyo heshima ilitosha kila mtu na ikabaki. Kubwa kupita zote aliwekewa Kapteni, pamoja na paja ambalo peke yake lilijaza sahani. Alikula. Akasifu. Alisema huyu kuku amekula vizuri, amelelewa na mtu mwenye nidhamu. Nasike alikuwa amejificha nyuma ya mgongo mpana wa Kahambu, na Anena, aliyesimama na birika la kunawia, alilijaza tena ingawa lilikuwa bado limejaa.

Kisha Kapteni akaacha kutafuna. Kwenye ncha ya mfupa, pale ambapo Adong katika haraka za kuku kumi na mmoja hakufungua, kulikuwa na uzi. Aliuvuta polepole. Mchuzi haukuwa umeuondolea wekundu wake. Aliutazama uzi, akaitazama sweta akilini mwake, akainua macho akatafuta, na nyuma ya Kahambu akaliona sikio la mkewe. Hapo Anena alimuona Akidi amelala wiki tatu kitandani, akaona ukuta umeanguka, akamwona Okullo anapandishwa gari lisilo na namba. Aliona yote hayo kwa mara moja na hakuona pa kukimbilia.

Jean-Pierre, Mungu amjalie, hakuona lolote. Alikuwa amefuta vidole na kufungua fomu yake. Palikuwa na nafasi iliyoandikwa mchango wa serikali, ambayo katika miaka yake yote Kampala hakuwahi kuijaza, akamgeukia jirani yake kwa heshima na kumuuliza jeshi lilitoa nini katika mradi huu, maana yeye mwenyewe amesema alitoa.

Kapteni aliushika uzi baina ya vidole viwili. Mbele ya Mzungu, mbele ya dereva wake, mbele ya mtaa mzima alikuwa amekwisha kusema kazi hii ni yake. Akimeza alichonacho mdomoni alikuwa mfadhili. Akikitema alikuwa mtu aliyeibiwa jogoo na mke wake. Mtaa mzima ulimsikia akimeza.

“Andika chokaa,” alisema. “Na jogoo moja.”

Jean-Pierre akaandika. Kisha kwa huzuni akasema tatizo moja linabaki: kuku aliowaona hawafiki hamsini. Kapteni, ambaye sasa mradi huu ulikuwa umemgharimu kitu na kwa hiyo ulikuwa wake kwelikweli, alikasirika. Akataka kujua wengine wako wapi, na Anena akasema ukweli kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi na mbili, kwamba walikuwa hamsini na watatu, na kumi na mmoja wako mezani.

“Basi hesabu na ile ya tumbo,” Kapteni alimwambia Jean-Pierre. “Hamsini na tatu. Maliza.”

Jean-Pierre aliinama juu ya karatasi, na ghafla akatoa sauti ya mtu aliyeona kitu alichokipoteza siku nyingi. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na swali kama jamii yenyewe inakula mazao ya mradi, na miradi yote ya Afrika Mashariki ilikuwa imeliacha tupu. Akatazama masufuria matatu, watoto waliokuwa wakiramba vidole, Adong akigawa mapaja. Akaandika mistari sita na kuomba karatasi nyingine.

Kapteni akaondoka. Alipompita Nasike aliutia uzi kwenye mfuko wa shati na kuufunga kwa kifungo. Jean-Pierre akabaki, na kwa sababu Adong alikuwa ametumia ile chumvi yote ya Kawempe kwa mkupuo mmoja, akaomba maji. Akaletewa kikombe. Alikunywa, akauliza ni ya wapi, na Anena, aliyekuwa amechoka kuogopa, akamshika mkono akamteremsha mpaka chini.

Ukuta ulikuwa pale, mnene, wa kijivu, wa mifuko sita, na tundu lake lililozibwa kwa mgomba likivuja chozi baada ya chozi. Jean-Pierre aliutazama sana. Akapanda kwa macho hadi bandani, akateremka nayo hadi ukutani. Alitoa mguu wake kiatuni, akamimina maranda yaliyokuwa yameingia, akakivaa tena. Anena alimweleza habari za Akidi, zile wiki tatu na ile shingo, na hakuomba msamaha, kwa kuwa hakuona kosa.

“Mama Anena,” alisema hatimaye, “hii sakafu iko mzuri sana. Ila imesimama.”

“Imesimama, Bwana.”

“Fomu haiulize kama sakafu inalala.” Akaweka alama ya ndiyo, akatia sahihi, na masikio yakamwiva kama mtoto aliyefanya utundu wake wa kwanza.

Bomba likaletwa siku tisa baadaye, na kipande cha karatasi kimefungwa kwa waya, kwa matumizi ya kuku tu. Mumbere alilitia Jumamosi. Mvua ikapiga Jumanne, mvua ya kung’oa mabati, na uchafu wa Namuwongo ukateremka kama kawaida yake, ukaufikia ukuta, ukageuzwa na kupelekwa relini. Asubuhi Anena alikwenda na Akidi. Maji yalikuwa yakitoka bombani meupe, na Akidi akaweka mdomo na kunywa mpaka akapata kwikwi. Mama yake akacheka na kulia pamoja, hakujali nani anaona.

Foleni ilikuwa ndefu. Kikundi kilikuwa kimekubaliana kwamba wenye kuku walioliwa, wale kumi, watateka kwanza, bila kupanga mstari, mpaka wenyewe watakaposema imetosha. Walikuwa wamekwisha teka wote kumi, Anena akawa anawaita wa mstari, Nasike alipoteremka mteremko akiwa na debe jipya kichwani. Lilikuwa limepakwa chokaa juu hadi chini, na kwenye mkono wa debe umefungwa uzi mwekundu.

“Kapteni anasema,” Nasike alisema, akijikaza asicheke, “hata yeye iko katika ile watu ya kuku.”

Anena aliwasogeza watu pembeni kwa ile sauti yake ya tarumbeta, akalipokea debe mwenyewe na kuliweka chini ya bomba.